Begi Lililojua Njia Moja

Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka sawasawa, Vumilia alitandaza nguo za baridi sebuleni kwao Gaithersburg, Marekani, mpaka kochi likapotea. Kulikuwa na makoti yasiyopitisha maji, soksi za sufu nene kama maandazi, glavu ambazo ukizivaa huwezi hata kujikuna, helmeti, na miwani mikubwa ya kioo cha rangi ya dhahabu inayomfanya mtu afanane na nzi. Mama yake, Dorothea, alikuwa ameketi pembeni akimenya viazi. Alivitazama vitu vile kimoja kimoja, na bintiye alijua kwamba maneno yanakuja.

Vumilia na mumewe Jabali walikuwa wanakwenda Austria, wiki nzima, kuteleza kwenye theluji wakiwa wamesimama juu ya ubao.

"Na hii?" Dorothea akauliza, akiinua kwa ncha ya kisu kaptula nyeusi iliyoshonewa vigodoro nyuma.

"Ya kuzuia maumivu, Mama. Ukianguka."

"Kwa hiyo mnajua mtaanguka."

"Kila mtu anaanguka. Ndiyo sports yenyewe hiyo."

"Mnapanda ndege kwenda kuanguka." Dorothea akairudisha kaptula mahali pake kwa heshima zote. "Sisi tulianguka palepale nyumbani, bure kabisa, na hakuna aliyetushonea magodoro matakoni."

Jabali alicheka kwa adabu. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Wheaton, aliyejifunza Kiswahili chuoni kabla hajamjua mkewe, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina kunyanzi hata moja.

"Mama, ninaomba radhi," akasema. "Begi letu limevunjika gurudumu. Je, tunaweza kuliazima begi lako kubwa?"

Begi lenyewe lilikuwa la zambarau. Dorothea alilinunua mwaka aliofika Marekani, akiwa na nia ya kulijaza na kurudi nalo Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kumsalimia mama yake, Bibi Filomena. Hakurudi. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa ofisi ya uhamiaji yakishughulikiwa, na kila alipouliza aliambiwa asubiri. Tena akaambiwa akitoka nchini kabla hayajakamilika, asitegemee kuingia tena. Vumilia alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati huo. Sasa alikuwa na mume na miwani ya nzi, na makaratasi yalikuwa bado yanashughulikiwa.

Kwa hiyo begi lilikwenda peke yake. Kila Mtanzania wa Maryland aliyepata safari ya Moshi alilichukua likiwa na mashuka, dawa za shinikizo la damu na viatu vya wajomba, akalirudisha likiwa na kahawa. Lilikuwa limemwona Bibi Filomena mara nyingi kuliko mtoto wake wa kumzaa.

Na Bibi Filomena, kila akipigiwa simu, alikuwa na neno moja. "Vitu nimepata. Wewe unakuja lini?" Siku hizi macho yalikuwa yamemzimika, akawa anawatambua watu kwa kuwapapasa. Dorothea hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mikono ile ipite kichwani pake kabla mmoja wao hajaitwa mbinguni, na kwa hesabu za kawaida ilikuwa wazi ni nani ataitwa kwanza.

"Lichukueni," akamwambia mkwewe. "Ila lile linajua njia moja tu."

"Mama, please, ni suitcase tu," alisema Vumilia.

Wakapanga vitu. Jabali akapiga goti juu ya begi, Vumilia akavuta zipu. Jabali alipolinyanyua kwa nguvu zake zote, begi liliruka kama mto wa kulalia, karibu livunje taa ya darini. Wakalifungua. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi jekundu kidogo kwenye pembe na unyoya mmoja wa kuku.

"Limeshakwenda," alisema Dorothea, akachukua kiazi kingine.

Simu iliita kabla sufuria haijapata moto. Alikuwa Kalisti, mdogo wake Dorothea, kwa video kutoka Kibosho, ambako jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alikuwa amesimama migombani, amevaa miwani ya nzi.

"Dada, tumepokea," akasema. "Vitu vizuri sana, Mungu awabariki. Ila mbona hamkutuma na ubao?"

"Ubao gani?"

"Kwenye koti kuna picha ya mtu amesimama juu ya ubao. Theluji ya huku juu imebaki kidogo, kama nywele za Baba Paroko, lakini kwa mwenye bidii ipo."

Vumilia aliichukua simu. Alikuwa amekasirika, si kwa sababu begi lilikuwa limemeza vitu vyake, bali kwa sababu alikuwa amekata lebo na dukani wasingevipokea tena.

"Uncle, hizo ni zetu. Tunasafiri Jumatano."

"Mnasafiri? Mnakuja?"

"Hapana. Tunaenda Austria."

Kalisti akavua miwani, akaipangusa kwenye shati. "Huko kuna nani wetu?"

Swali lilikuwa la haki kabisa, maana katika ukoo ule mtu hupanda ndege kwenda kwa mtu. Vumilia alitazama dirishani. Paspoti yake ya Marekani ilikuwa kabatini na ilimruhusu kwenda Kibosho hata kesho, na ndani yake mlikuwa na mihuri ya nchi kadha wa kadha ambazo hazikuwa na mjomba hata mmoja.

Simu ikachukuliwa na Bibi Filomena, ambaye siku zote aliweka sikio mahali pa kamera, kwa hiyo Gaithersburg waliona sikio.

"Doro, hii kaptula ya magodoro ni ya nani?"

"Ni yako, Mama."

"Nimeikalia. Benchi la kanisani sasa halitaniweza. Wewe unakuja lini?"

"Bado makaratasi, Mama."

"Nguo zimekuja bila makaratasi," alisema lile sikio, na mtandao ukakatika.

Jabali hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliazima nguo nyingine kwa wenzake wa ofisini Rockville, akabandika anwani ya hoteli ya Austria kila upande wa begi kwa herufi kubwa, na moja akaibandika ndani. Begi likavipeleka Kibosho vilevile. Kalisti alipiga kusema kwamba mwandiko wa mkwe ni mzuri sana, na kwamba vijana wa bodaboda wa pale njia panda sasa wote wana helmeti, hata abiria wameanza kuwaamini.

"Na chupi ndefu za sufu," akaongeza, "ni za nani?"

"Ni zangu, mjomba," alisema Jabali.

"Basi zimeshafika kwa jirani yetu, babu Sebastian. Anakushukuru. Miguu haimwumi tena."

Habari za namna hiyo hazikai ndani. Jumapili, baada ya misa, Akinyi wa Wheaton alikuwa mlangoni na mfuko, mama wa Kisumu anayecheka kabla hajaomba.

"Mama Vumi, nisaidie na hii kitu kidogo tu. Ni mashine ya kupima pressure ya mamangu."

"Linakwenda Kibosho, Akinyi. Halifiki Kisumu."

"Kwani Kibosho na Kisumu ni mbali aje? Kalisti ataweka tu kwa basi."

"Kalisti si posta."

"Mwambie nitamtafutia bibi."

"Ana mke."

"Basi nitamwombea," alisema Akinyi, na mashine ilikuwa imeshaingia begini.

Kufikia Jumatatu jioni walikuwa wamekuja watu wa Silver Spring, watu wa Hyattsville, na Mkongo mmoja mstaarabu aliyetaka kujua kama begi lile linaweza kukata kona kidogo tu lifike Bukavu. Dorothea aliwaambia wote neno lilelile: vitu vikavu, samaki hapana, na lawama zote kwa Kalisti. Kisha akajifungia jikoni akalitazama begi. Kupitia zipu ile zilikuwa zimepita nepi, simu, viatu, mkongojo wa mzee, na sufuria yenye mfuniko. Hakuna kilichoulizwa kimezaliwa wapi wala kinakwenda kufanya nini. Chupi za mkwewe zilikuwa Kibosho zikishukuriwa. Yeye alikuwa Gaithersburg.

Jumanne asubuhi alivaa gauni la kitenge la sherehe za kikundi cha akina mama, kilemba kikubwa, viatu vya kanisani na miwani yake.

"Mimi naingia," akasema.

Vumilia hakubisha. Alimwuliza kama amekunywa chai. Jabali alilipima begi kwa macho, akampima na mama mkwe kwa heshima, akashauri kwamba ingekuwa vyema zaidi magoti yatangulie.

"Mama, umechukua paspoti?" Vumilia aliuliza.

"Ya nini? Soksi zako zilikuwa nayo?"

Vumilia akachuchumaa. Alimrekebisha mama yake kilemba, kisha akakirekebisha tena, ingawa kilikuwa sawa. "Ukifika mwambie Bibi nakuja," alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye ubao mwembamba. "Mwaka huu. Mwambie."

"Nitamwambia. Asipoamini, tutakuwa wawili tusioamini."

Akajikunja, kidevu juu ya magoti. Zipu ilikwama kwenye makalio. Kwa bahati Akinyi alikuwa amekuja na kifurushi kingine, akakaa juu ya begi kwa uzito wake wote, zipu ikasogea.

"Mama Vumi," aliuliza akiwa amekaa pale juu, "hapo kwa miguu kumebaki nafasi? Ni raba za mtoto tu."

"Lete," sauti ilisema kutoka ndani.

Zipu ikafungwa. Kulikuwa na giza, halafu kukawa na harufu ya moshi wa kuni na majani ya mgomba yaliyonyeshewa. Dorothea alisikia kuku wakigombania mahali pa kulala. Alisikia mtu akikohoa, kikohozi cha mara mbili halafu kuguna, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekohoa hivyo. Kilikuwa karibu kabisa, cha kunyoosha mkono tu. Akanyoosha mkono.

Zipu ikafunguliwa.

Dorothea alikuwa palepale Gaithersburg, amejikunja begini na shimizi yake, mkono mmoja umenyooka kuelekea mguu wa meza. Gauni halikuwepo. Kilemba, viatu, miwani, pini za nywele, vyote vilikuwa vimekwenda, na meno yake ya bandia pia. Raba za Akinyi zilikuwa zimekwenda. Jabali aligeukia ukutani akaanza kusoma kalenda. Vumilia alileta blanketi.

"Nimebaki?" Dorothea aliuliza, na bila meno neno lilitoka na upepo mwingi.

"Umebaki, Mama."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

Simu ikaita. "Dada, tumepokea," alisema Kalisti. "Gauni, kilemba, viatu, miwani, meno. Na raba za Kisumu. Huyo mama mwambie mimi nina ng'ombe wa kukamua." Halafu akapunguza sauti. "Gauni limekuja na joto."

"Joto gani?"

"La mtu. Kama limevuliwa sasa hivi. Mama amelikumbatia, amelipapasa lote, kwapa mpaka pindo. Anasema Doro amenenepa."

Akinyi, aliyekuwa bado amesimama pale sebuleni, alisema hilo ni kweli.

Sikio la Bibi Filomena likatokea kwenye kioo. "Doro. Nguo umenitumia. Wewe uko wapi?"

"Nimekwama, Mama."

"Umekwama wapi?"

"Hukuhuku."

"Basi waambie wakusukume," akasema. "Na hili gauni halifuliwi."

Jumatano Vumilia na Jabali walikwenda uwanja wa ndege na nguo nyingine za kuazima kwenye mifuko myeusi ya takataka, wakaruhusiwa kupita bila swali. Siku ya pili ya kuteleza Vumilia alipiga simu kutoka Austria akiwa amelala kifudifudi. Alisema theluji ni nzuri sana, ila ni ngumu kuliko alivyodhani, na akauliza kwa upole kama Bibi bado anaitumia ile kaptula. Meno ya Dorothea yalirudi baadaye kwenye mkoba wa mama mmoja wa Silver Spring aliyetoka safari ya Moshi, maana begi, kwa kurudisha, halikuwa na habari. Mpaka yaliporudi alikula uji. Alikwenda tena ofisini kuuliza, nao wakamwambia asubiri, wakamwonyesha kiti.

Siku hizi kila Jumamosi Dorothea huvaa gauni jingine tangu alfajiri. Hupika nalo, hufagia nalo, huegemea jiko nalo, hujilaza nalo kochini mpaka limshike vizuri. Saa ya jioni ya Kibosho inapokaribia, Kalisti humkalisha mama yao kitandani juu ya kaptula yake ya magodoro, mikono imekingwa. Dorothea hulivua gauni nyuma ya mlango wa jikoni, hulikunja upesi lisipoe, hulilaza katikati ya begi na kuvuta zipu. Akinyi akibisha hodi wakati huo na kifurushi chake, huambiwa begi limejaa.