Mifupa au Steki?

Mwenye bucha alikuwa katibu wa chama cha kuzuia ukatili majumbani. Alipotumwa kuchapisha mabango yenye namba ya msaada, kwa mazoea akaandika namba ya bucha. Mabango mia mbili, jamani! Mwenyekiti, nesi mstaafu, ndio kwanza anamtolea uvivu, simu ya bucha ikalia.

"Nisaidieni," mama mmoja alinong'ona, akataja mtaa na namba ya nyumba. Mara mumewe akampokonya simu.

"Nani wewe?"

"Bucha!" katibu akadakia. "Mifupa au steki?"

"Aa... steki. Kilo mbili. Leteni hapa."

Chama kizima kilikwenda na steki, wamevaa aproni za bucha, mwenyekiti mbele. Mama akaondoka nao. Steki wakamwachia mume, ajipikie mwenyewe.