Gauni Lililokatwa kwa Kumbukumbu

Saa mbili na robo asubuhi ya Krismasi, gauni la bluu lilikwama mabegani mwa mtoto. Kichwa kilikuwa kimepita na mkono mmoja umepita, lakini wa pili ulinasa kwapani, na mtoto, ambaye nyumba nzima ilimwita Kibonge, akapiga kelele kama anayechunwa ngozi. Aliyelishona gauni hilo ni mama yake, na mama yake alikuwa fundi cherehani.

"Mvue, wifi, utamnyonga," alisema dada wa mumewe kutoka mlangoni.

Fundi alimvua gauni. Alilitandaza kitandani, akaligeuza ndani nje, akatafuta kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni. Hakikuwapo. Kwa mtoto wa mteja, hata mteja msumbufu, yeye huacha kila ubavu upana wa kidole gumba, maana mtoto hunenepa mzazi akiwa bado njiani kulifuata gauni. La mwanawe alilikata bila kuacha kitu. Mtoto aliyemzaa mwenyewe ampimie nini? Alimjua kwa kichwa. Ila aliyemjua kwa kichwa alikuwa mtoto wa miezi mitatu nyuma, kabla ya oda za sikukuu kumzidi akamleta hapa kwa bibi yake na shangazi yake.

"Kinyozi hajinyoi," alisema shemeji yake, kitinda mimba wa nyumba ile, aliyekuja kuchungulia na kikombe cha chai mkononi. "Gauni hilo tumvalishe paka, shemeji."

"Tukuvalishe wewe. Akili zenu zinalingana."

Shemeji alicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa ameshamchukua Kibonge, amemlaza begani, anamfinya polepole ncha ya sikio. Kelele zilikatika kama redio iliyozimwa.

Fundi aliliona hilo sikio. Nyumbani, mtoto alinyamazishwa kwa kubebwa mgongoni. Habari za sikio hakuna aliyempa.

Hicho hakikuwa cha kwanza kukiona. Jana jioni, waliposhuka garini, Kibonge alijificha nyuma ya sketi ya wifi na kuiita sketi hiyo "Mama". Wifi alimsahihisha hapo hapo: "Mimi shangazi. Mama ni yule." Alisema kwa wepesi wa mtu ambaye amesahihisha kosa hilo mara nyingi, akamnyooshea fundi kidole kama anayeonyesha saa ukutani. Usiku, mezani, wifi alitoa vitunguu kwenye chakula cha mtoto kimoja kimoja. Fundi hakuwa na habari kwamba mwanawe amevichukia vitunguu.

Krismasi hii ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama mtoto anarudi nyumbani. Mumewe, dereva wa magari ya mizigo, alitaka mtoto aachwe mpaka sare za shule za Januari ziishe. Mama mkwe alikuwa ametoa hukumu yake kwa simu, wiki iliyopita: "Mimi simng'oi mtoto mikononi mwa mtu. Akikufuata kwa miguu yake, nenda naye. Asipokufuata, abaki." Fundi alikubali bila kufikiri. Wakati huo hakuona kama kuna la kufikiri.

Wifi alirudi na gauni la njano, la dukani, bado limekunjwa. "Nililinunua liwe la akiba tu, wifi. Usijisikie vibaya."

"Sijisikii vibaya."

Lilimwingia Kibonge kama mguu unavyoingia kwenye kiatu ulichokizoea. Fundi aliinua pindo lake, akalikagua. Mishono ilikuwa mipana, nyuzi zinaning'inia, upindo umekwenda upande. Kila kasoro ilimpa raha ndogo.

"Hili halifiki Pasaka," alisema.

"Lifike leo mchana tu," alisema wifi. "Mengine tutashonewa na fundi."

Kabla ya chakula ukoo wote ulikusanyika sebuleni kupiga picha: wajomba, wake zao, watoto wao sakafuni, mama mkwe katikati kwenye kiti chake. Kibonge alikuwa mapajani mwa wifi. Shemeji, mwenye simu, alikuwa anasukuma watu kama anayepanga magunia.

Fundi alichuchumaa mbele ya mwanawe akanyoosha mikono. "Njoo kwa mama."

Kibonge alimtazama vizuri, kisha akaficha uso kifuani mwa shangazi yake.

"Mpe hongo, shemeji!" alisema mpiga picha. "Siku hizi bila biskuti mambo hayaendi."

Watu walicheka. Mumewe pia alicheka. Fundi alilitia akilini hilo, akabaki amechuchumaa, macho yake yakiwa sawa na kifua cha gauni la njano.

"Kifungo hiki kimelegea," alisema. "Mtoto atakimeza."

Akakivuta. Hakikutoka. Akakivuta mara ya pili, kwa nguvu anazotumia kufumua mshono wa zamani, kikatoka. Akakiweka kiganjani wote wakione.

"Mnaona?"

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Kifungo hicho nilikikaza mimi jana. Kwa uzi wa kukunja mara mbili."

Shemeji alishusha simu akaanza kuitazama kama vile imeandikwa kitu.

"Kama una neno na mimi, wifi, niambie mimi," alisema wifi kwa sauti ya chini. "Kifungo kimekukosea nini?"

Neno fundi alikuwa nalo, na lilikuwa fupi: mtoto ni wangu. Shida ni kwamba hakuna aliyelikana.

"Basi kirudishe," alisema mama mkwe. "Si ndiyo kazi yako?"

Fundi alikwenda kuchukua mkoba wake wa kazi, akapiga magoti pale pale sakafuni kutafuta sindano. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Alipovuta kopo la sindano, utepe wa kupimia ulitoka nalo, ukaanguka, ukajikunjua mpaka miguuni mwa wifi.

Kibonge aliinama kuutazama. Akateleza kutoka mapajani, akatua kwa makalio, akainuka. Alitembea kwa hatua zake za bata juu ya utepe mpaka mbele ya fundi, akasimama wima, akainua mikono yote miwili juu kama mtu anayepekuliwa na askari.

Fundi alichelewa kidogo kuelewa. Kisha akaelewa. Tangu mtoto ajue kusimama, alikuwa anajipanga na wateja pale kwenye kibanda cha kushonea, na zamu yake ikifika anainua mikono apimwe kifua, tumbo, kisha atekenywe. Lilikuwa jambo dogo. Alipomleta hapa hakumweleza mtu, kwa kuwa hakuliona kama ni la kueleza.

"Nani kamfundisha hivyo?" aliuliza wifi. "Hapa hajawahi kufanya."

"Wateja," alisema fundi.

Alimpima kifua. Alimpima tumbo, na bega mpaka goti, akitaja kila kipimo kwa sauti kama anavyowatajia wengine. Kifua kilikuwa kimelizidi gauni la bluu kwa vidole vitatu.

"Umenenepa, mteja."

"Tena," alisema Kibonge, mikono ikiwa juu bado.

"Kaja kwa miguu yake, Mama," alisema shemeji. "Tumeona sote."

"Nina macho," alisema mama mkwe.

Wifi alisimama akaenda jikoni kuangalia wali ambao ulikuwa umeshaiva na kufunikwa. Alikwenda amenyoosha mgongo kupita kiasi. Fundi aliutambua mgongo huo. Tangu jana alikuwa ameuvaa yeye. Hakumfuata. Alimpima mtoto mara nyingine, kisha akashona kifungo, kwa uzi wa kukunja mara mbili.

Baada ya chakula, mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa mlangoni. Aliyeupanga ni wifi, na juu kabisa aliweka gauni la bluu, limekunjwa vizuri.

"Usiku akishtuka mshike sikio," alisema. "La kushoto. La kulia hataki."

"La kushoto," alirudia fundi, kama anavyorudia kipimo ili asikisahau. Kisha akasema, "Nitakushonea gauni, wifi. Njoo nikupime."

"Nitakuja kumwona mtoto," alisema wifi. "Gauni ninalo."

Saa kumi jioni gari liliondoka. Kibonge aliona kwamba shangazi yake amebaki getini, akaanza kulia. Alimwita kwa jina lile lile la jana, na safari hii hapakuwa na wa kumsahihisha. Fundi alimlaza begani, akamshika sikio la kushoto, akalifinya polepole. Mtoto aliusukuma mkono wake, akalishika sikio mwenyewe.