Walifia Mikononi Mwake

“Nisomee, mwanangu,” mkunga aliniambia, akanisukumia simu yake juu ya meza. “Macho yangu hayawezi tena maandishi madogo.”

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtunga vichwa vya habari katika tovuti moja, na sifa zangu zilivuma pale ofisini. Ripota akileta habari iliyolala doro, mhariri husema, “Mpelekee Ndoano.” Ndoano ndiye mimi. Ukutani palikuwa na skrini inayohesabu wasomaji, na siku nzima jicho langu halikubanduka hapo.

Juma lile umeme ulikatika katika zahanati moja, jenereta haikuwa na mafuta, mashine za kupumulia zikazimika, vichanga wawili wakafariki. Ripota wetu aliandika yote: kwamba mkunga alikuwa amepeleka barua tatu kuomba mafuta, kwamba aliwapulizia hewa kwa mpira wa mkono, ule wa kupumulia unaobanwa kwa vidole, huyu kisha yule, mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi nikaipa kichwa: VICHANGA WAWILI WAFIA MIKONONI MWA MKUNGA. Nikatafuta na picha ya mkunga, ile anayoonekana amekunja uso kwa sababu ya jua. Kufikia adhuhuri wenzangu walikuwa wanakuja mmoja mmoja kunipigapiga begani.

Sasa alikuwa amenifuata ofisini, amekaa mbele yangu, sare imenyooshwa pasi, mikono imetulia mapajani. Nikasoma. Kwenye kichwa sauti yangu ilikuwa imara; kwenye barua ikaanza kukwama; nilipofika kwenye vidole nilikuwa nanong’ona.

“Kumbe mliyajua,” alisema.

“Kila neno ni kweli, mama. Hatukusema umewaua.”

“Sikatai. Walifia mikononi mwangu.” Akaichukua simu yake. “Nauliza tu, haya ya barua mbona mmeyaweka huku chini, mahali ambapo mtu hafiki?”

Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa linapanda ukutani nyuma yake, tarakimu baada ya tarakimu. Nikamwambia nitakibadilisha kichwa. Akashukuru. Afadhali angenitukana.

Nilikibadilisha kweli: MKUNGA ALIOMBA MAFUTA MARA TATU. Waliokifungua hawakufika mia. Kile cha kwanza kilikuwa kimeshatutoka, kinaruka kutoka simu hadi simu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka uliofuata dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na zahanati ya karibu naye ilikuwa ile ile. Mama akamshauri aende huko; alikuwa amesikia kwamba mkunga wake ana mkono mwepesi wa kuzalisha.

“Yule wa vichanga?” dada akasema. “Siendi. Bora nisafiri, hata kama nitajifungulia njiani.” Akanigeukia. “Wewe si ndiye mtu wa habari? Hebu mwambie mama. Si ndiye yule?”

Mama aliacha kumenya viazi, akanitazama, kisu kimesimama. Dada yangu alikuwa akiniamini tangu utotoni; mambo yake yote huniuliza mimi kwanza. Maelezo yenyewe yangechukua dakika mbili: mafuta, barua, mpira wa mkono, halafu jina la aliyeandika kile kichwa.

Nikainamia kikombe changu cha chai.

“Ndiye,” nikasema.