Ndege Elfu Nne Ambazo Hazikutua

Kila Jumamosi asubuhi, vita viwe vimelala au vimeamka, Jovithe alitoka kwake Ngagara na baiskeli, daftari likiwa ndani ya mfuko wa chakula, akaenda kutazama ndege zikitua uwanjani. Hakuwa na mgeni wa kumpokea wala mtu wa kumsindikiza. Alikuwa karani wa barua za rejista posta, mwenye miaka hamsini na mmoja, na tangu azaliwe hajapanda ndege hata siku moja. Mkewe, Consolate, alikwishachoka kuwaeleza majirani. Alisema tu kwamba wanaume wengine wana bia, na huyu wake walau harudi akiyumba.

Mwenzake alikuwa Khaled, fundi magari wa Buyenzi. Walikutana mwaka wa sabini na nane, kwenye kituta kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mjini mwenye kichaa hicho. Khaled alikuwa na darubini, Jovithe alikuwa na mwandiko mzuri, na urafiki ukaanza hapohapo. Wakajiwekea sheria moja ambayo hakuna aliyewalazimisha: ndege haiandikwi mpaka watu wawili wasome herufi zake za ubavuni kwa macho yao, kila mmoja kwa zamu yake, bila kuibia kwa mwenzake. Wakikubaliana, Jovithe aliandika tarehe, aina ya ndege na herufi, na mwisho wa mstari akatia J na K. Mwaka mmoja ndege ya mkubwa wa nchi ya mbali ilitua siku ambayo Khaled alikuwa akimzika shangazi yake. Jovithe aliiona mpaka misumari yake, na hakuiandika. Wiki nzima alitembea na huzuni hiyo, na mji mzima hakuna aliyempa pole.

Basi mwaka wa tisini na sita nchi jirani zikatuwekea vikwazo, yaani embargo. Mpaka ukafungwa, anga likafungwa, ndege za abiria zikakatika. Watu wenye akili zao walililia petroli na sukari. Hawa wawili walililia ndege. Lakini hawakulia muda mrefu. Zikaanza kuja nyingine, kubwa, kuukuu, za mizigo, zimepakwa rangi ubavuni ili zisitambulike. Redio ilisema hakuna ndege inayotua, na redio ikisema hivyo mtu mwenye busara hatazami juu. Jovithe na Khaled waligundua kwamba jua la saa nne likipiga ubavu wa ndege kwa upande, herufi za zamani zinaonekana chini ya rangi mpya. Waliposoma ya kwanza walikumbatiana barabarani, Mungu awasamehe, watu wazima na mvi zao.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka uliofuata, Khaled alitangulia kurudi ili awahi sala ya adhuhuri. Jovithe alibaki nusu saa zaidi, na kwenye kizuizi askari wakapekua mfuko wake. Walitoa mkate, wakatoa ndizi, wakatoa daftari. Mkate wakamrudishia.

Walimpeleka kwenye ofisi isiyokuwa na kibao mlangoni. Mkubwa wa pale alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, mpole, upole ule unaomfanya mtu aulize choo kiko wapi. Alifungua daftari akasoma kurasa nyingi.

“Mzee,” akasema mwishowe, “unaandikiaga nani hizi?”

“Sina mutu naandikia, chef. Napenda ndege tu.”

“Unapenda. Ulishapanda?”

“Apana.”

“Unauzisha kitu kwenye ndege? Uko na mutoto anasoma Ulaya?”

“Apana, chef.”

Kijana yule akamtazama kwa masikitiko ya kweli. Angekuwa jasusi angemwelewa, angekuwa mwizi pia angemwelewa; mtu anayetoka nyumbani na chakula chake kwenda kupenda chombo ambacho hatakipanda hakuwemo katika mafunzo yake. Akageuza ukurasa, akaweka kidole mwisho wa mstari.

“J ni we. K ni nani?”

Hapo ndipo Jovithe alipoingiwa na hofu hasa. K alikuwa na kaka Uvira, ng'ambo ya mpaka. K alitengeneza magari ya kila mtu bila kuuliza dini wala ukoo. Siku zile mtu alichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hizo, na nyumbani kwake wakabaki wanaosha sahani yake.

“Na tena,” kijana akaendelea, “tarehe tano umeandika Antonov imetua. Hakuna ndege ilitua. Kuko embargo. Sasa kama haikutua, we uliiona namna gani?”

Jovithe aliona mlango umeachwa wazi kidogo. Ulikuwa mlango mbaya, lakini ndio uliokuwepo.

“Sikuiona, chef,” akasema. “Ninabuni. Ninakaaga pale, ninaandika yenye kunijia mu kichwa. K hayuko. Nilimuweka tu, nisikae peke yangu.”

Kijana akaegemea kiti. Alionekana kupata nafuu. Akachukua karatasi akaanza kuandika, akisoma kwa sauti: kwamba aliyetajwa anakiri kuwa ndege zote zilizomo katika daftari hili, elfu nne mia moja na kumi na mbili, ni za kubuni.

“Zote?” Jovithe akauliza. “Si za tangu embargo tu?”

“Mutu hawezi kuwa muongo tangu mwaka jana tu, mzee.”

“Hata ya kwanza? DC-10 ya mwaka wa sabini na nane?”

“Hata ile.”

Alikuwa ameshika kalamu pale ngurumo ilipoanza upande wa ziwa. Ikakaribia, vioo vikatetemeka, kikombe kikacheza juu ya meza. Injini nne, za panga-boi, Jovithe akazitambua kabla hajataka, na moja ilikuwa mgonjwa, inakohoa. Dirisha lilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Shingo ilimuuma kwa kuikataza isigeuke. Alikuwa hajawahi kutamani kitu namna ile, hata bibi arusi siku ya harusi yake.

Kijana alingoja mpaka ikapita kabisa.

“Umesikia nini?”

“Sijasikia kitu, chef.”

“Na mimi hivyohivyo. Saini.”

Akasaini kwa ule mwandiko wake mzuri. Daftari walimrudishia, kila ukurasa umegongwa mhuri mwekundu: sans valeur, halina thamani. Ilichukua saa nzima kugonga, na aliyegonga alilalamika mkono.

Habari ilifika mjini kabla ya Jovithe kufika kwake. Posta walicheka wiki nzima; wakaanza kumuuliza kama na barua za rejista anazibuni. Jumamosi iliyofuata alimkuta Khaled kitutani, amesimama, darubini shingoni, hakumsalimia.

“Ni kweli ulisaini?”

“Ni kweli.”

“Zote? Miaka kumi na tisa yote, Jovithe?”

“Zote.”

“Juu ya sababu gani?”

Jovithe alikuwa na jibu tangu wiki nzima. Lakini alimjua Khaled. Angemwambia kwamba waliuliza K ni nani, Khaled angevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, na kabla ya saa sita angekuwa mbele ya ile meza akisema K ni mimi, na ndege zote ni za kweli, tuanze na ipi.

“Niliogopa,” akasema.

Khaled akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa gari lisilotengenezeka. Ngurumo ikaanza. Ilikuwa ileile, injini yake mgonjwa, ya pili kushoto, bado inakohoa, na jua lilikuwa mahali pake. Khaled akatazama kwa darubini, akampa Jovithe, kwa mazoea tu. Herufi zilisomeka vizuri kuliko siku zote.

“Umesoma?” Jovithe akauliza.

“Nimesoma.”

“Na mi nimesoma. Tuandike.”

“Na nani?” Khaled akachukua darubini yake, akaifutia kwenye shati. “Niko mumoja hapa. We ulisaini kama hauonaka kitu. Ushahidi wako umeanguka, bwana.”

Akapanda baiskeli akaondoka. Jovithe alijua neno moja tu lingemrudisha, akalimeza. Alisimama na daftari lake akimtazama rafiki yake akiteremka barabara kwa hasira, akikanyaga pedali kwa nguvu, mpaka kwenye kizuizi. Askari walimtupia jicho, wakamwachia njia bila kumuuliza jina. Jovithe alipoona hivyo akakaa chini kwenye nyasi, akalia, na akiwa bado analia akagundua kwamba ana furaha.