Kimeng'enya cha Dama Hakijafa

Kwa miezi minane Dama alikuwa akikisafisha kimeng'enya chake, na asubuhi hiyo Daktari Zoeb, mkuu wa maabara yao ndogo ya Makadara kisiwani, alitaka kimwagwe. Kikimwagwa, shahada ya uzamili ya Dama nayo imekwenda na maji.

"Kimekufa, mwanangu," alisema Daktari, kwa upole wa mtu asiyezoea kubishiwa. "Mara tatu twakipa kichocheo, hakitikisiki. Tutafute kazi nyengine."

"Hakijafa, Daktari. Nipe mpaka adhuhuri."

Dama hakuwa mtu wa kwenda kulia chooni. Alikijua kimeng'enya kile vizuri. Kazi yake ni kukatakata RNA za virusi, lakini hulala mpaka seli iliyovamiwa ikiamshe kwa molekuli maalumu, vipande vitatu au zaidi vya adenosini. RNA ya kawaida huungwa kutoka kaboni ya tatu ya sukari moja kwenda ya tano ya sukari inayofuata. Molekuli hii huungwa kutoka ya pili kwenda ya tano, ikapinda kidogo. Kimeng'enya kina mikunjo iliyopangana, na katikati yake pana nafasi inayoupokea upindo huo sawasawa. Molekuli ikishakaa, vimeng'enya viwili hushikana, hapo ndipo makali yao hutoka. Kwa hivyo, akawaza Dama, ikiwa mwenyeji ni mzima, tumtazame mgeni, yaani hicho kichocheo.

Tatizo, mgeni mwenyewe hakuwahi kumwona. Katika maabara ile chupa za bei ghali hazifunguliwi na mwanafunzi. Daktari huziyeyusha mwenyewe, akawagawia wanafunzi katika vichupa. Dama akateremka kwa Chengo, mtunza stoo.

"Hebu nitolee ile chupa yenyewe, na fomu ya kuagizia."

Chupa ilisema tatu kwa tano. Kwenye fomu, mbili aliyoiandika Dama ilikuwa imekatwa, na tatu kuandikwa juu yake kwa mkono wa Daktari. Mzee wa watu, baada ya miaka thelathini ya RNA, alidhani binti amekosea!

Dama alikasirika, tena sana, lakini hasira haiwashi mashine. Akampigia Rukhsana, rafiki yake wa maabara nyingine kisiwani, aliyekuwa na tone la molekuli ya kweli. Likaja kwa tuktuk, ndani ya barafu.

Saa sita kasorobo alilitia kwenye kimeng'enya, mbele ya Daktari. Mashine, iliyopangwa kuonyesha mwanga kila RNA inapokatwa, ikaanza kuwaka, mwanga ukapanda, ukapanda. Dama akaiweka fomu mezani.

Daktari aliutambua mwandiko wake. Kisha akafungua mlango, akawaita wanafunzi wote, Chengo pia.

"Kimeng'enya hiki ni kizima," alisema. "Mimi nilimsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, kisha nikataka kumwaga kazi yake."

Adabu ilimtaka Dama aseme, "Si neno, Daktari." Hakusema. Alimwacha akiri mpaka mwisho, na moyo wake ukajaa furaha.