Kifaa cha Bwana Karibuni

Mkurugenzi wa ile kampuni ndogo ya vifaa vya kusikia, wafanyakazi wake walimwita Bwana Karibuni, na wala hawakumwonea. Mwanzoni mwa mwaka alipanda jukwaani na suti mpya, akatangaza kifaa kinachochuja sauti ya mtu mmoja katikati ya makelele. Kingeingia madukani hivi karibuni, alisema, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nyuma ya pazia, fundi aliyekuwa akikiunda kifaa chenyewe alishika tama. Kilifanya kazi vizuri kwenye chumba chenye ukimya wa kaburi. Ukiwasha feni tu, kinazima.

"Tukikaa kimya watatusahau," bosi alimwambia baadaye. "Tukitangaza mapema, wenye fedha watatuamini, na sisi wenyewe tutakazana. Wewe funga mdomo, fanya kazi."

Akaufunga. Miezi ikapita, feni ikawashwa na kuzimwa, kifaa nacho kikazima vilevile.

Jumamosi moja, baada ya miezi mingi ya kutoonekana, alipita saluni kwa mama yake. Mama huyu alikuwa na mdomo, si mchezo. Kuna wateja waliokuja kusukwa zaidi kwa sababu ya maneno yake kuliko mikono yake. Siku hiyo alikuwa anasuka kimya, akitabasamu hata mteja aliposimulia msiba. Fundi akamchungulia nyuma ya sikio. Hapakuwa na kitu.

"Mama, kifaa chako kiko wapi?" Ilibidi arudie mpaka koo likamkauka.

"Nimempa jirani, yule mzee aliyestaafu posta. Cha nini tena, na mwanangu anatengeneza kipya? Nilisikia redioni kwa masikio yangu haya. Hivi karibuni, walisema."

"Ulimpa lini?"

"Siku ileile!" Mama akacheka kwa fahari.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Karibu mwaka mzima mama yake alikuwa amekaa katikati ya watu kama yuko peke yake, kwa sababu ya kumwamini yeye. Akamsogelea sikioni, akamweleza yote: kwamba bado, tena bado sana.

Mama akaweka kitana chini. "Na ulijua?"

"Nilijua, mama."

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Badala yake alisema polepole, "Ungeniambia, mwanangu, ningesubiri huku nasikia."

Jumatatu fundi aliingia kwa bosi bila hodi. Bosi akaanza wimbo wake wa washindani na wawekezaji, eti wakisema bado, kampuni imekwisha. Fundi akamkatiza.

"Mama yangu amegawa kifaa chake kwa sababu yetu. Wangapi wengine wamegawa?"

Tusimwonee bosi: hakuwa tapeli. Alikuwa mmoja wa wale wanaoiona kesho vizuri mno hata wakajikwaa kwenye leo. Akavuta simu na kuanza kuwapigia watu waliokuwa wanasubiri, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake mwenyewe. Hakijawa tayari, aliwaambia. Vaeni vya zamani, na aliyegawa chake aje tumpe cha kawaida bure. Na mwenye moyo wa kujaribu kibovu, tunamhitaji.

Wengine walimtukana, na haki yao. Mwekezaji mmoja akajitoa. Lakini waliokuja kujaribu walijaza ngazi, na mama wa fundi alikuwa mbele yao na kifaa chake cha kawaida sikioni, akilalamika.

"Hiki chumba chenu cha ukimya nani anaishi humu? Njooni kwangu."

Wakahamia saluni. Kifaa cha majaribio kilikuwa kioja, waya kutoka sikioni mwa mama hadi kwenye kiboksi ndani ya mfuko wa aproni yake. Kwenye ngurumo ya draya kilizima, kikatengenezwa, kikazima. Fundi alishazoea kurudi nyumbani na nywele za watu kwenye viatu.

Halafu alasiri moja, draya zote zikinguruma, mteja mmoja alimwinamia mwenzake akanong'ona, "Bi mkubwa mzuri, ila mkono umechoka. Siku hizi anasuka mistari kama mtu anayekimbizwa."

Mama hata hakugeuka. "Zilizokimbizwa ni nywele zako, mwanangu. Hapo mbele zimeshahama."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Bisibisi ikamtoka fundi mkononi. Mama naye alicheka, kile kicheko chake cha zamani cha kushika kiuno, ambacho fundi alikuwa hajakisikia tangu siku ya jukwaa. Machozi yakamlengalenga fundi, na hakuyaficha.

Kabla vicheko havijaisha, mama akagonga kiboksi. "Kimezima tena."

Yule mteja aliyenong'ona, aibu imemjaa usoni, akajikaza kuuliza. "Kwani hicho kifaa kinatoka lini?"

Wote wakamgeukia fundi. Akavuta pumzi.

"Bado," alisema. "Siku sijui. Ila leo kimesogea."

Mama alikuwa amemwangalia midomo. Akamgeukia mteja, akamrekebisha kichwa chini ya draya kwa upole.

"Kwa hiyo endelea kunisengenya," alimwambia. "Kikitoka, utatafuta saluni nyingine."