Onyo Lenye Adabu

Batuli alimmiminia Mzee Stanley, mkuu wa ulipuaji, chai ya tangawizi, kisha akarudi kwenye kompyuta kutazama kama onyo lake limekaa vizuri. Ofisi ilikuwa juu ya machimbo ya mawe, Terrat. Kazi yake ilikuwa kuandika maonyo ya kompaila, ile programu inayokagua maelekezo kabla mashine ya kulipulia miamba haijayatii. Mwanzoni aliandika: "Thamani batili. Utaua mtu." Mzee Stanley akauliza tangu lini mashine ikamsema mtu mzima mbele ya vijana wake. Batuli akalainisha: "Shikamoo, mzee. Huenda sekunde zimepungua kidogo. Naomba uangalie."

Kati ya kubonyeza kitufe na mlipuko palikuwa na sekunde tano. Mzee aliona huo ni uvivu, akashusha hadi sifuri, na bado akaona wanachelewa. Leo aliandika tatu chini ya sifuri. Kompyuta ikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akaendelea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiposikia, guu linalovunjika ni la mwingine.

Baruti ililipuka kabla hajagusa kitufe, wachimbaji wakiwa bado shimoni. Mkono wa Nasri, mdogo wake Batuli, ulipasua kioo cha dirisha ukaanguka kando ya chupa ya chai, saa yake ikiendelea kutembea. Batuli ndiye aliyemnunulia saa hiyo Idi iliyopita. Kidole cha mzee kilikuwa bado hewani.

"Usibonyeze, mzee wangu," Batuli akasema. "Usipobonyeza, huenda haijatokea."

Mzee alifikiri. "Imeshalipuka. Nisipobonyeza, itakuwa imelipuka bila amri yangu."

Akabonyeza.

Askari walikuja, wakapima, wakanywa chai iliyobaki. Waliona kwamba kitufe kilibonyezwa Nasri akiwa amekwisha kufa, na mtu haui maiti. Nasri alizikwa alasiri, mkono wake umeoshwa peke yake. Batuli alilia kwa hasira mpaka sauti ikamkauka, kisha akarudisha maneno yake ya kwanza. Mzee akasema msiba haumwondolei mtu adabu, akamwita Lesian, fundi mwingine, arudishe shikamoo.

Wiki iliyofuata mawe yalinyesha juu ya bati, damu ikatiririka kwenye kioo kipya, na huko chini mtu akawa anamwita mama yake kwa Kimaasai. Ndipo Mzee Stanley alipoingia, akavuta kiti, akaandika mia chini ya sifuri. Kompyuta ikamwamkia.

"Marahaba," akasema, akanyoosha kidole.